UZI: Kauboi Myahudi, deni la Cohen, na soko la kuigizana lafudhi New York miaka ya 1900

Santuri Kuukuu (mleta uzi)

Wakuu salaam. Vuteni viti. Huu uzi ni mrefu, nitaushusha vipande vipande maana naandikia simu.

Mwaka 1906, mtaa wa Chinatown, New York, kulikuwa na baa mbili zinanyang'anyana wateja. Mpiga piano wa baa ya kwanza alikuwa kijana wa Kiitaliano, Al Piantadosi. Akatoa wimbo wa kuchekesha kwa lafudhi ya Kiitaliano, "My Mariuccia Take a Steamboat", ukavuma. Mwenye baa ya pili, Pelham Café, roho ikamuuma. Akawaita vijana wake wawili, mpiga piano na mhudumu mmoja aliyekuwa akiimba huku anagawa bia, akawaambia na wao watunge wa kwao. Mpiga piano akaweka muziki, mhudumu akaweka maneno, na mwaka 1907 ukachapishwa "Marie from Sunny Italy", Marie wa Italia yenye jua. Fungu la yule mhudumu halikufika hata senti 40.

Mhudumu hakuwa Mwitaliano. Alikuwa Myahudi aliyeletwa na wazazi wake kutoka Dola ya Urusi mwaka 1893, ana miaka 5. Nyumbani Israel, mtaani Izzy, na kwenye karatasi ya wimbo jina likachapwa I. Berlin. Ndiye Irving Berlin, huyo huyo aliyekuja kuwatungia Wakristo "White Christmas".

Sasa sikieni. Mwaka 1908 yule Piantadosi, Mwitaliano, kwa kushirikiana na Edgar Leslie na Halsey Mohr, akatoa "I'm a Yiddish Cowboy". Kauboi Myahudi anayeitwa Levi, yuko magharibi ya mbali, amempenda binti wa chifu wa Wahindi Wekundu, kila jioni anapanda farasi kwenda kumwimbia, baba mtu anamfukuza, na yeye kwenye kiitikio anajigamba kwamba haogopi mashoka yao, oi oi.

Yaani Myahudi anaandika Kiitaliano, Mwitaliano anaandika Kiyahudi, na wote wawili wanauza. Uzi wangu uko hapo. Nasikiliza hizi nyimbo mwaka wa pili sasa, na bado sijaamua kama nicheke au nikunje uso.

Naendelea. Msiniwahi.

Kijana wa Tandale

Nimeweka kambi. Nimeleta na karanga.

Bi Makorora

Shusha kaka. Ila utueleze kwanza hicho Kiyidi ni Kiebrania au ni kitu kingine, wengine tulikimbia darasa la historia.

Santuri Kuukuu

Swali zuri dada. Kiyidi ni lugha ya nyumbani ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Mwili wake ni Kijerumani cha zamani, ndani yake mna Kiebrania na maneno ya Kislavoni, na kinaandikwa kwa herufi za Kiebrania, kama babu zetu walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kati ya 1881 na 1924 Wayahudi zaidi ya milioni 2 walihama Ulaya Mashariki kwenda Marekani. Walikimbia mauaji, walikimbia na njaa. Wengi wao walijazana Lower East Side ya New York, chumba kimoja familia nzima, cherehani katikati.

Mtu wa Kiyidi akijifunza Kiingereza ukubwani, "w" inageuka "v", "th" inageuka "d" au "t", na sentensi inapinda kidogo mwishoni kama swali. Watunzi walichukua hayo, wakaongeza chumvi, wakanyunyiza "oi oi" kila kona. Kwenye muziki nako kulikuwa na mbinu: nyimbo nyingi beti inaanza kwa toni ya huzuni, ile inayokukumbusha sinagogi au fidla ya harusini, halafu kiitikio kinachangamka na kuruka kwa ragtime, ule mdundo wa piano wa Weusi.

Jukwaani mchekeshaji aliyeigiza Myahudi alikuwa na sare yake: kofia nyeusi ya mviringo imeshuka mpaka masikioni, koti refu limechakaa, ndevu za kubandika, na pua ya kubandika pia. Kumbi hizo ziliitwa vodevili, jioni moja unapata mpiga mazingaombwe, mbwa anayecheza, dada anayeimba, na hao wa lafudhi. Na msidhani ni Wayahudi peke yao. Mwairishi alikuwa na wimbo wake wa ulevi na ngumi, Mjerumani wake wa soseji, Mwitaliano wake wa nyani na kinanda cha barabarani, na Mtu Mweusi ndiye aliyetukanwa kuliko wote, maelfu ya nyimbo ambazo hata majina yake siandiki hapa.

Mswahili wa Bronx

Mkuu umenigusa. Mimi napita West 28th Street karibu kila wiki kikazi. Ndipo wachapishaji wa nyimbo walipojipanga, kati ya Broadway na Sixth Avenue. Pakaitwa Tin Pan Alley, uchochoro wa masufuria, kwa sababu piano zilikuwa zinapigwa kila dirisha kwa wakati mmoja, kelele kama mtu anapiga bati. Majengo matano, namba 47 hadi 55, yalitangazwa kuwa urithi wa jiji mwaka 2019. Sasa hivi ukipita unaona maduka ya maua na ya jumla, kofia za bei nafuu, hujui hata kama kuna historia.

Jambo ambalo wengi hawalijui: mwenye majengo alipinga yasitangazwe urithi. Moja ya hoja zake ni kwamba humo ndimo zilimochapwa nyimbo za kuwadhalilisha Weusi, kwa hiyo pasienziwe. Wapo waliosema ana uchungu kweli, wapo waliosema anataka kubomoa ajenge ghorofa. Mimi nilikuwa nasoma habari hizo kwenye treni, nikawa nakubaliana na wote.

Kijana wa Tandale

Hahaha, mwenye nyumba ni mwenye nyumba dunia nzima.

Santuri Kuukuu

Asante mkuu wa Bronx. Tuendelee na Sadie, maana hapa ndipo panaponinogea.

Mwaka 1905 Richard Strauss alitoa opera ya "Salome", yule binti wa kwenye Biblia aliyeomba kichwa cha Yohana Mbatizaji. Ndani yake kuna ngoma ya kuvua shela saba, moja moja. Ilipopigwa Metropolitan Opera ya New York Januari 1907 wakubwa walifadhaika, ikafutwa baada ya onyesho moja. Unajua kinachofuata ukikataza kitu: kila ukumbi wa mtaani ukawa na Salome wake.

Mwaka 1909 Berlin na Edgar Leslie (huyo huyo wa kauboi) wakaandika "Sadie Salome, Go Home". Sadie Cohen, binti wa mtaa wa Wayahudi, ametoroka nyumbani akawe msanii, anacheza ngoma ya Salome. Mchumba wake Mose amekwenda kumtazama. Amekaa kwenye viti. Sadie anaanza kuvua. Mose anasimama katikati ya watu anapiga kelele: oi oi oi, nguo zako ziko wapi, rudi nyumbani, mbona hakuna hata mmoja anayekutazama usoni!

Kulikuwa na mwimbaji chipukizi, Fanny Brice, miaka 17 au 18 hivi, anatafuta wimbo. Akamwendea Berlin, Berlin akakaa kwenye piano akamwimbia huo wa Sadie kwa lafudhi ya Kiyidi. Fanny hakuwahi kuimba kwa lafudhi hiyo. Na hakujua Kiyidi! Mama yake ametoka Hungaria, baba Alsace, walikuwa na baa zao, nyumbani hawakuzungumza lugha hiyo. Lafudhi aliyochukua ni ya Berlin pale kwenye piano, akaivaa kama gauni la kuazima.

Na gauni lenyewe sasa. Fanny alisimulia baadaye kwamba siku ya kuuimba jukwaani alivaa suti ya baharia iliyotiwa wanga, kavu kama karatasi. Alipoanza kuimba ikajikusanya mahali pabaya, ikawa inamkwaruza. Akawa anajinyonganyonga jukwaani kuinasua bila kutumia mikono. Watu wakadhani ni sehemu ya mchezo, wakafa kwa kicheko. Akaona wanacheka, akazidisha. Mwaka 1910 Florenz Ziegfeld akamchukua kwenye Follies, onyesho kubwa kuliko yote Broadway. Na huyo Izzy wa baa, baada ya Sadie, akaajiriwa na kampuni ya Ted Snyder kuandika maneno ya nyimbo kwa dola 25 kwa wiki.

Bi Makorora

Kaka umeimaliza vizuri lakini umeruka kitu. Sadie ametoroka nyumbani. Nimekwenda kuangalia majina ya nyimbo za huyo Berlin: 1912 kuna "Becky's Got a Job in a Musical Show", Becky amepata kazi kwenye onyesho. Ni yule yule binti, wanambadilisha jina. Wababa na wachumba wanalia, yeye yuko jukwaani anapokea mshahara.

Unajua nani alikuwa anacheka kwenye viti vya bei rahisi? Mabinti wa viwanda vya nguo. Wao wanajua Mose anavyoboa. Mimi nasema huo wimbo unamcheka Mose kuliko Sadie.

Santuri Kuukuu

Dada, nimesikiliza huo wimbo mara ngapi sijui, sijawahi kuuona hivyo. Nakubali. Mose amelipa kiingilio kama wengine.

Mzee Kinyozi

Samahani vijana, niingie na mimi. Nimesoma toka juu. Kijana mleta uzi unasimulia kwa raha sana, lakini hao ni watu waliotoka kuuawa Urusi, wamefika ugenini, wanawekewa pua za bandia wachekwe. Raha iko wapi? Hapa kwetu kila mchekeshaji asiye na kipaji anaiga Mmakonde au Mhaya au Mhindi wa dukani, watu wanakenua. Mimi mke wangu ni Mmakonde. Hatucheki.

Santuri Kuukuu

Shikamoo mzee. Sikukwepi. Ngoja nilete wimbo ambao ndio mbaya zaidi kwa hoja yangu, kisha tuongee.

"Cohen Owes Me Ninety-Seven Dollars", Berlin tena, 1915. Mzee Rosenthal yuko kitandani, daktari amekata tamaa. Anamwita mwanawe. Unategemea wosia, baraka, neno la Mungu. Mzee anasema: Cohen ananidai... hapana, *namdai* Cohen dola 97, hakikisha analipa. Rosenstein na Wanawe wana mzigo wangu kwa hati ya siku 90. Akina Levi usiwakopeshe tena, bado wana deni la yadi 100 za lesi. Mwanangu, ukiniahidi utakusanya zote, nitakufa nikitabasamu.

Aliyeuvumisha jukwaani ni Belle Baker, Myahudi mzaliwa wa Lower East Side. Mtunzi Myahudi, mwimbaji Myahudi, na ukumbini tele wamejaa watu ambao baba zao wana daftari la madeni chini ya mto. Humo ndani, wimbo huo ni wa kumcheka baba. Kila mmoja anamjua huyo mzee. Ana yadi zake, ana siku zake 90, anaijua biashara kwa kichwa hata roho ikiwa kwenye koo. Mimi baba yangu alikuwa na duka la rejareja. Alipolazwa mwaka ule aliouguza figo, kitu cha kwanza aliniuliza ni kama yule mama wa mandazi amelipa unga. Nilicheka korido nzima ya wodi, nikalia pia.

Lakini mzee, hapo ndipo unaponishika. Wimbo haukubaki ukumbini. Ulichapwa kwenye karatasi za nota, ukauzwa, ukafika Kansas kwenye nyumba ya mtu ambaye hajawahi kuonana na Myahudi hata siku moja. Yeye hamjui baba. Anachojua ni kwamba Myahudi akifa anawaza hela.

Na jalada la karatasi lilikuwa baya kuliko wimbo. Maneno ya "Yiddle on Your Fiddle, Play Some Ragtime" (1909) hayana ubaya: ni harusi, Yiddle anapiga fidla, Sadie anamrukia na kumwambia aendelee na ragtime. Harusi ya Kiyahudi, mdundo wa Weusi, Kiingereza kilichovunjika, huo ni mtaa wao ulivyokuwa. Lakini majalada ya nyimbo za aina hii mchoraji alikuwa haangalii maneno. Anachora pua, anamaliza.

Mzee Kinyozi

Marahaba. Hapo tumeelewana kiasi. Lakini wao wenyewe hawakulalamika?

Santuri Kuukuu

Walilalamika sana. Marabi walihubiri dhidi ya "Myahudi wa jukwaani". Mwaka 1913 Chicago kulikuwa na kamati ya Wayahudi iliyokuwa inapambana na maonyesho hayo. Mwaka huo huo, mji huo huo, chama cha B'nai B'rith kikaunda Anti-Defamation League, umoja wa kupinga kukashifiwa kwa Wayahudi, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa hiyo ya kuzuia dhihaka za jukwaani na kwenye filamu. Na si kwamba walikuwa wamekosa ucheshi. Mwaka huo Leo Frank, meneja wa kiwanda cha penseli Atlanta, alihukumiwa kifo kwa mauaji ya binti, ushahidi wa kubabaisha. Gavana akapunguza adhabu iwe kifungo cha maisha. Agosti 1915 kundi la watu likamtoa gerezani likamnyonga kwenye mti. "Cohen Owes Me" ni ya mwaka huo. Nikiziweka tarehe hizo mbili pamoja huwa nazima spika.

Kitu kingine: waliolalamika wengi walikuwa Wayahudi wa asili ya Kijerumani, waliofika mapema, wana benki na maduka makubwa, Kiingereza chao kimenyooka. Pua ya bandia ya yule mchekeshaji iliwakumbusha ndugu wa kijijini waliokuwa wanashuka melini kila wiki. Kwa hiyo na aibu ilikuwemo, si hasira tu.

Fundi Redio

Wakuu naomba niongezee la kiufundi maana ndiyo kazi yangu. Mleta uzi anasikiliza nyimbo hizi kwenye silinda za nta, wengi hamjui ni nini. Kabla ya 1925 studio hazikuwa na maikrofoni. Ulikuwa unaimba ndani ya pembe kubwa ya bati, sauti inatikisa sindano, sindano inachora kwenye nta. Hakuna umeme popote. Silinda za kwanza za Edison zilibeba dakika 2, kuanzia 1908 zikaja za dakika 4.

Pembe hiyo ilikuwa na upendeleo. Fidla ilipotea, ngoma ikavuruga sindano, na sauti nyororo za kike zikawa kama mbu. Iliyotoka vizuri ni sauti kavu yenye konsonanti za kugonga. Ndiyo maana wasanii wa santuri walikuwa kundi dogo la watu wale wale wenye sauti hizo, wakiimba kila kitu. Leo Mwairishi, kesho Myahudi, keshokutwa Mtu Mweusi.

Na pia hakuna picha. Jukwaani una ndevu na kofia. Kwenye nta una lafudhi tu, kwa hiyo lazima uipakie mpaka ifurike.

Santuri Kuukuu

Fundi umenisaidia kitu nilichokuwa nakizunguka. "Yiddish Cowboy" kwenye silinda ya Edison kaimba Edward Meeker, ambaye kazi yake nyingine pale ilikuwa kutangaza majina ya nyimbo na kutengeneza milio ya nyuma. "Under the Matzos Tree" ya 1907 kaimba Ada Jones, mzaliwa wa Lancashire, Uingereza. Collins na Harlan, ambao walivuma kwa nyimbo za kuwaiga Weusi, wamo pia. Si Wayahudi hao. Kwa hiyo jukwaani New York unamkuta Belle Baker anamcheka baba yake, na sebuleni kijijini unamkuta Meeker anamcheka baba wa Belle Baker. Mzaha mmoja.

Huo wa mti wa matzo wenyewe nao una ukoo wake. Matzo ni ule mkate usiotiwa chachu wa Pasaka ya Kiyahudi, haumei kwenye mti. Mtunzi ni Fred Fisher, Myahudi mzaliwa wa Cologne, na alikuwa anauchezea wimbo uliovuma 1902, "Under the Bamboo Tree", wa Bob Cole na ndugu wawili Johnson, Weusi, ndugu hao hao wa "Lift Every Voice and Sing", ule unaoitwa wimbo wa taifa wa Wamarekani Weusi. Fisher huyo mwaka 1913 akatunga "Peg o' My Heart", na Waairishi wakaupenda kama wa kwao.

Kijana wa Tandale

Kwa hiyo kila mtu alikuwa anavaa nguo za mwenzake.

Mswahili wa Bronx

Hapana mdogo wangu, hapo pole pole. Si kila mtu. Myahudi, Mwitaliano na Mwairishi walibadilishana. Mtu Mweusi yeye alivaliwa, na hakupewa nafasi sawa ya kuwavaa wengine. Waimbaji Wayahudi Al Jolson na Eddie Cantor walipaka uso masizi mpaka wakawa matajiri. Jukwaa hilo lilimpa mtoto wa mhamiaji njia ya kuwa Mmarekani, na ngazi aliyopandia ilikuwa mgongo wa mtu mwingine. Mimi naishi huku, naijua harufu ya jambo hili.

Santuri Kuukuu

Sina la kupinga mkuu. Na mfano wa Sophie Tucker ndio unaoeleza yote. Myahudi, binti wa wenye mgahawa. Alipoanza, wasimamizi walimwona mnene na si mrembo, wakamlazimisha apake uso masizi. Alichukia. Mpaka siku moja sanduku lake la vipodozi likachelewa kufika ukumbini, akapanda na sura yake, watu wakampenda hivyo hivyo. Akaacha. Mwaka 1928 akarekodi "My Yiddishe Momme", mama yangu wa Kiyidi, upande mmoja wa santuri Kiingereza, upande wa pili Kiyidi. Huo hauna pua wala oi oi. Mama amezeeka, mtoto amefanikiwa, majuto. Ni wimbo wa 1925, na ukiusikiliza baada ya Cohen na Levi unajua zama zimegeuka.

Bi Makorora

Nimemtafuta Fanny Brice nikakuta 1923 alifanyiwa upasuaji wa pua. Wanasema mwandishi Dorothy Parker alimtania kwamba ameikata pua ili kuukomoa ukoo. Maskini. Miaka yote kwenye majalada wanachora pua, mwisho mwenye pua akaenda kuipunguza. Na kazi ya kuchekesha hakuacha.

Kijana wa Tandale

Wakuu kwenye kutafuta nimekutana na "Cohen on the Telephone". Hiyo si wimbo, ni jamaa anaongea peke yake. Imo kwenye mada?

Santuri Kuukuu

Imo sana. Ni binamu wa nyimbo hizi. Joe Hayman aliirekodi London 1913, ikauzwa kwa wingi Marekani, halafu wengine wakairudia, hasa Monroe Silver, ambaye aliishi kwa jina la Cohen miaka na miaka. Cohen ni mpangaji, upepo umeng'oa kibao cha dirisha, anampigia simu mwenye nyumba. Simu ni kitu kipya, lafudhi ni nzito. Akisema "shutter", yaani hicho kibao, upande wa pili wanasikia "shut up", yaani nyamaza. Anaomba radhi, anazidi kujichimbia. Haitafsiriki, lakini fikiria mtu wa kwetu anayechanganya r na l anapiga ofisini kuuliza habari za kura, na huko wanamjibu kantini imeshafungwa.

Mzee Kinyozi, hii nadhani hata shemeji yetu Mmakonde angecheka. Hakuna uroho humo, hakuna pua. Kuna mtu mmoja, waya mmoja, na Kiingereza kinachomkimbia. Mtu yeyote aliyewahi kuhamia mji mgeni amewahi kuwa Cohen.

Mzee Kinyozi

Nimemsikilizisha. Kiingereza hajui, mimi nikawa namtafsiria. Alipofika hapo pa nyamaza akasema, "Huyo ni wewe na watu wa bima." Nimeshindwa uzi huu, endeleeni.

Fundi Redio

😂😂 Shikamoo mzee.

Mkuu, ziliisha lini sasa?

Santuri Kuukuu

Polepole, bila tarehe. Mwaka 1920 gazeti la Henry Ford lilianza kuwashambulia Wayahudi mfululizo, na 1921 likadai jazi nzima ni njama yao. Mzaha wa pua ukaanza kunuka. Mwaka 1924 Marekani ikafunga mlango wa wahamiaji wa Ulaya Mashariki, kwa hiyo wenye lafudhi mbichi wakawa hawaongezeki, na watoto waliozaliwa pale wakawa wanaongea kama majirani. Berlin alikuwa ameshaiacha biashara hiyo zamani.

Ila bado kulikuwa na moja ya mwisho mwisho tamu. Ford aliomba radhi 1927, baada ya kushtakiwa. Mwaka huo huo Billy Rose na wenzake wakatoa "Since Henry Ford Apologized to Me", Tangu Henry Ford Aniombe Radhi. Yule yule Myahudi wa lafudhi, "v" zake zote zipo, sasa ndiye anayesamehe bilionea. Billy Rose akaja kumwoa Fanny Brice miaka miwili baadaye.

Halafu kimya. Wajukuu waliona aibu, santuri zikaenda darini. Mwaka 2006 mwandishi Jody Rosen akazikusanya baadhi kwenye albamu iliyoitwa "Jewface", na watu wakashtuka kwamba kitu hicho kiliwahi kuwepo. Mnaotaka kusikiliza, Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kimeweka silinda zaidi ya 10,000 mtandaoni, bure. Anza na Meeker. Mara ya kwanza utasikia mchanga unakaangwa. Mara ya tatu maneno yanatokea.

Bi Makorora

Asante kaka. Nimehifadhi.

Kijana wa Tandale

Mkuu karanga zimeisha na umeniacha hewani. Mzee Rosenthal alikufa? Na Cohen alilipa zile 97?

Santuri Kuukuu

Beti ya pili. Mtoto alikwenda akambana Cohen mpaka akalipa. Rosenstein na Wanawe nao wakalipa siku hiyo hiyo. Mzee akapona, akasema watu wakianza kulipa, huo si wakati wa mfanyabiashara kufa.

Kijana wa Tandale

Na yule mama wa mandazi?

Santuri Kuukuu

Alilipa nusu. Baba yuko hai, anaisubiri nyingine.